Daktari wa Uchumi: Njia Aipitayo na Kazi Aipatayo

Mtu akitajwa kuwa ni Daktari fulani, wengi wetu hudhani mara moja ya kuwa ni mganga wa hospitali. Mzee wa kijijini akisikia kwamba kijana wa jirani yake amerudi kutoka ng'ambo na jina la Daktari, humwendea asubuhi na mapema na kumwonyesha goti linalomwuma. Kijana hana dawa ya goti. Yeye ni Daktari wa uchumi, na alichojifunza kwa miaka sita ni namna ya kuchunguza kwa nini bei ya mahindi hupanda, au kama shule mpya humwongezea mtoto riziki atakapokuwa mtu mzima.

Asili ya neno lenyewe si uganga. Limetoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mwalimu. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya viliwapa jina hilo watu waliothibitishwa kuwa wafaa kufundisha wenzao. Hata leo shahada ya udaktari, iwe ya historia, ya kemia au ya uchumi, ndiyo shahada ya juu kupita zote za chuo kikuu.

Nimeonelea vema kueleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, katika kidato cha tano na cha sita wako vijana wengi wanaosoma uchumi, nao husema kuwa watasoma "mpaka mwisho" bila kujua mwisho huo uko wapi. Pili, wako wenzetu waliokwisha kutoka shuleni zamani, wenye shahada ya kwanza, kazi, na pengine watoto, ambao hufikiri kuiacha kazi na kurudi darasani. Hao wote yafaa waijue safari kabla ya kufunga mizigo, maana huchukua miaka mitano au sita ya maisha ya mtu, na si kila aanzaye humaliza.

KUJIBU NA KUULIZA

Tangu darasa la kwanza mpaka shahada ya kwanza, mwanafunzi hupewa swali naye hutakiwa alijibu. Jibu lipo tayari. Mwalimu analo katika daftari lake. Katika udaktari mambo hugeuka. Mwanafunzi hutakiwa alete swali ambalo bado halijajibiwa na mtu, kisha alijibu kwa njia ambayo wataalamu hawataweza kuibomoa kwa urahisi. Hapo ndipo wengi hukwama, hata wale waliokuwa wa kwanza darasani siku zote, kwa sababu kushinda mitihani ni kipawa kimoja na kuona swali jema ni kipawa kingine. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, maana habari yote iliyobaki inalizunguka.

Nitoe mfano. Mwaka 1973 serikali ya Indonesia, ikiwa na fedha za mafuta ya petroli, ilianza kujenga shule za msingi kwa wingi, na katika muda wa miaka michache zilijengwa zaidi ya 61,000. Je, shule hizo ziliwafaa watoto walipokua? Mtu aweza kusema, "Jambo rahisi! Tulinganishe mapato ya waliosoma sana na ya waliosoma kidogo." Lakini njia hiyo ina kasoro. Huenda waliosoma sana walikuwa watoto wa matajiri, au watu wenye bidii zaidi, ambao hata kama wasingalisoma wangalipata mali.

Mwanafunzi mmoja Mfaransa, Esther Duflo, aliyekuwa akisomea udaktari katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, aliona njia iliyo bora. Watoto waliokuwa na miaka 12 au zaidi mwaka 1974 walikuwa wamekwisha kupita umri wa shule ya msingi, kwa hiyo shule mpya hazikuwagusa. Waliokuwa na miaka 2 mpaka 6 walizikuta. Tena wilaya nyingine zilipata shule nyingi, na nyingine zilipata chache. Basi akalinganisha wadogo na wakubwa katika wilaya zilizopata shule nyingi, kisha akapima tofauti hiyo na ile ya wilaya zilizopata chache. Akaona ya kuwa kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000 iliongeza masomo yao kwa wastani wa miaka 0.12 mpaka 0.19, na mishahara yao ya utu uzima kwa asilimia 1.5 mpaka 2.7.

Duflo alipata udaktari wake mwaka 1999, na uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2001. Mwaka 2019 yeye, Abhijit Banerjee na Michael Kremer walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yao ya kuchunguza njia za kupunguza umaskini. Angalieni ya kuwa sehemu iliyo bora ya uchunguzi ule haikuwa hesabu ngumu. Ilikuwa ni kuona nani wa kulinganishwa na nani, na mtu asiyejua kuuliza hawezi kuona hayo.

Huyu Kremer naye ana habari ya kutufaa, kwa sababu kabla ya kusomea udaktari alifundisha shule ya sekondari magharibi mwa Kenya. Baadaye yeye na mwenzake Edward Miguel waliipima faida ya kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia mwaka 1998. Shule zote hazikuanza kupewa dawa mwaka mmoja, kwa hiyo waliweza kuzilinganisha zilizotangulia na zilizongoja. Walieleza mwaka 2004 ya kuwa utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizihesabu upya takwimu zile, wakaonyesha makosa fulani, na mabishano makali yakazuka. Asiyependa kusahihishwa mbele ya watu asiingie katika kazi hii, maana kila aandikalo mtaalamu huwekwa mezani likapigwa nyundo na wenziwe.

NJIA YENYEWE

Nitaeleza mpango wa Marekani, kwa kuwa vijana wetu wengi huutamani, na kwa kuwa vyuo vingi vya nchi nyingine vimeuiga kwa sehemu.

Mwombaji hupeleka maombi yake mwishoni mwa mwaka, mara nyingi kabla ya Desemba kwisha. Chuo hutazama matokeo yake ya chuo kikuu, barua za walimu wanaomjua, mara nyingi tatu, na katika vyuo vingi mtihani wa kupima akili ya hesabu na lugha uitwao GRE. Majibu hutoka kati ya Februari na Machi, na aliyekubaliwa hupewa mpaka tarehe 15 Aprili kuchagua. Mwenye shahada ya kwanza aweza kuingia moja kwa moja, ingawa siku hizi wengi hufanya kwanza kazi ya usaidizi wa uchunguzi kwa mwaka mmoja au miwili. Katika Uingereza kwa kawaida mtu hupata shahada ya pili kwanza, kisha udaktari wenyewe huchukua miaka mitatu au minne.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na kutolijua kumewakatisha tamaa vijana maskini wenye akili. Vyuo vilivyo bora vya Marekani havimtozi mwanafunzi wa udaktari wa uchumi karo. Humsamehe karo yote na kumpa posho ya kuishi, naye kwa upande wake huwasaidia maprofesa kufundisha, kusahihisha kazi za wanafunzi au kufanya uchunguzi. Kwa hiyo mzee asiuze shamba ili kumpeleka mwanawe kusoma udaktari huo. Chuo kikimkubali kijana bila kumpa fedha, afadhali akae na kufikiri mara mbili. Lakini posho hiyo ni ya kumtosha mtu mmoja kuishi kwa kiasi. Haitoshi kumjengea mama nyumba wala kuwalipia wadogo zake karo. Yafaa kijana awaeleze hayo watu wa nyumbani kabla ya kuondoka, ili wasimhesabu kuwa tajiri kwa sababu yuko ng'ambo, wala yeye asiwe na huzuni kila barua ya kuomba msaada inapofika.

Mwaka wa kwanza ni wa masomo matatu makubwa. La kwanza ni uchumi wa mtu mmoja mmoja na wa makampuni, yaani namna watu wachaguavyo na namna bei zipatikanavyo. La pili ni uchumi wa nchi nzima: mfumko wa bei, ajira, riba na ukuaji wa mapato. La tatu ni ekonometria, yaani elimu ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Yote matatu hufundishwa kwa lugha ya hesabu. Mtu aliyezoea kueleza uchumi kwa maneno matupu na michoro miwili hushangaa kuona ubao umejaa alama kama za darasa la hisabati. Mwisho wa mwaka huja mitihani ya kuchuja. Anayeshindwa kwa kawaida hupewa nafasi ya pili, na akishindwa tena huondoka, pengine na shahada ya pili mkononi.

Mwaka wa pili mwanafunzi huchagua matawi mawili au matatu, kama vile uchumi wa kazi, wa biashara ya nchi za nje, wa kodi, au wa maendeleo ya nchi maskini. Kisha huja mwaka wa tatu, na huo ndio mgumu kuliko yote, ijapokuwa hauna mitihani.

Hapa shuleni kengele hutuamsha, kengele hutuingiza darasani, na kengele hutupeleka kulala. Mwaka wa tatu wa udaktari hauna kengele. Hakuna ratiba wala zoezi la kesho. Mwanafunzi huamka na kuambiwa, "Tafuta swali." Aweza kukaa miezi sita akisoma na kuandika, kisha msimamizi wake akamwambia kwa upole ya kuwa swali hilo lilikwisha kujibiwa na mwingine zamani, au ya kuwa takwimu zake hazitoshi. Wenzake wa nyumbani wakati huo wamekwisha kupandishwa vyeo na kuoa. Wengi huacha hapa, wala si kwa kukosa akili. Huacha kwa kuwa hawakuwa wameambiwa ya kuwa kungoja gizani ni sehemu ya kazi.

Anayevumilia huandika tasnifu. Katika uchumi tasnifu kwa kawaida si kitabu kimoja kirefu bali ni makala tatu. Iliyo bora kati ya hizo ndiyo atakayotembea nayo kutafuta kazi, na pengine huchukua miaka miwili kuinyosha. Mwishowe husimama mbele ya kamati ya maprofesa, akaulizwa, akajitetea.

SOKO LA MADAKTARI

Elimu nyingine hazina utaratibu mmoja wa kutafuta kazi, lakini wanauchumi wa Marekani wana soko lao, na lina majira yake kama msimu wa kahawa. Chama cha Wanauchumi wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1885, hutoa orodha ya nafasi za kazi tangu mwaka 1974. Nafasi nyingi hutangazwa mwanzo wa vuli la huko. Kufika Novemba mwanafunzi anayekaribia kumaliza hupeleka maombi, na si ajabu kupeleka zaidi ya 100, kwa vyuo, benki kuu, serikali na makampuni ya nchi mbalimbali. Zamani waliochaguliwa walisailiwa katika vyumba vya hoteli wakati wa mkutano mkuu wa chama hicho mwanzo wa Januari. Tangu msimu wa 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, usaili huo wa kwanza ulihamia kwenye mtandao. Anayependeza hualikwa kufika chuoni, na huko hueleza makala yake kwa muda wa saa moja na nusu hivi huku maprofesa wakimkatiza kwa maswali. Kazi hutolewa kati ya Februari na Machi.

Hapa pana kisa cha kufurahisha. Kwa kuwa kupeleka maombi ni rahisi, kila mtu hupeleka kila mahali, na mwajiri hawezi kujua ni nani anayempenda kweli na ni nani anayejaribu bahati yake tu. Ni kama kijana atumaye washenga katika nyumba mia za mji. Hata baba wa binti akimwona mshenga mlangoni, haamini, maana amesikia kuwa mshenga huyo huyo alikuwa kwa jirani asubuhi. Basi kamati iliyoongozwa na Alvin Roth ilitunga mpango: tangu mwaka 2006 kila mwombaji hupewa ishara mbili tu. Aweza kuzituma kwa waajiri wawili, wala si zaidi, kuwaambia ya kuwa nia yake kwao ni ya kweli. Kwa kuwa ni mbili tu, zina thamani. Zingalikuwa mia zisingalikuwa na maana yo yote. Roth alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley kwa elimu ya namna hii ya kuwaoanisha watu na nafasi.

KAZI ZAO

Watu hudhani ya kuwa kila Daktari wa uchumi huwa profesa. Wengi huwa maprofesa kweli. Katika vyuo vya Marekani kijana huanza cheo cha chini, na baada ya miaka sita hivi kazi yake iliyochapishwa hupimwa: akifaulu hupewa ajira ya kudumu, asipofaulu hutafuta mahali pengine. Lakini milango mingine iko wazi kuliko katika elimu nyingi. Benki kuu za nchi huwahitaji ili kukadiria mfumko wa bei na kushauri juu ya riba. Wizara za fedha huwahitaji kwa mambo ya kodi na madeni. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, yote mawili ya Washington, huajiri wengi, na kadhalika Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyoko Abidjan. Siku hizi hata makampuni makubwa kama Amazon na Google huwatafuta wapange bei na minada. Hal Varian, profesa wa uchumi, alianza kuishauri Google mwaka 2002, hata akawa mwanauchumi wake mkuu.

Tutazame watu wa kwetu. Benno Ndulu wa Tanzania alipata udaktari katika Northwestern University huko Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania tangu 2008 mpaka 2018. Alifariki mwaka 2021. Patrick Njoroge wa Kenya alimaliza udaktari Yale mwaka 1993, akatumika miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu 2015 mpaka 2023 alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya. Louis Kasekende wa Uganda alisomea udaktari Manchester, akawa Naibu Gavana wa Benki Kuu ya Uganda na pia Mwanauchumi Mkuu wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Donald Kaberuka wa Rwanda alisoma Dar es Salaam, akapata udaktari Glasgow, akawa Waziri wa Fedha wa nchi yake tangu 1997, kisha Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika tangu 2005 mpaka 2015.

Lakini shahada si ufunguo wa kila mlango, na haifai kuficha hayo. Sadie Alexander ndiye mtu wa kwanza katika Wamarekani weusi kupata udaktari wa uchumi, katika University of Pennsylvania, mwaka 1921. Kwa ubaguzi wa rangi na wa wanawake hakupata kazi ya elimu yake chuoni. Alifanya kazi katika kampuni ya bima huko North Carolina, kisha akarudi Pennsylvania kusoma sheria, akamaliza mwaka 1927 na kuwa wakili. Alikuwa na elimu yote iliyotakiwa, na mlango ukafungwa.

Na wako waliofika mbali bila shahada hiyo. Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere na kufaulu kwa daraja la kwanza mwaka 1955, akaenda London School of Economics, akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 aliacha ualimu akaingia siasa. Alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya tangu 1969 kwa zaidi ya miaka kumi, na Rais tangu 2002 mpaka 2013. Kwa hiyo mwenye shahada ya kwanza au ya pili asidhani ya kuwa hana la kufanya. Kazi nyingi za benki, za wizara na za mipango hazihitaji udaktari. Kazi inayouhitaji hasa ni ile ya kutoa elimu mpya na kuwafundisha watakaoitoa.

NJIA YA KARIBU

Si lazima kuvuka bahari. Mwaka 1988 uliundwa Muungano wa Utafiti wa Uchumi wa Afrika, ujulikanao kwa herufi AERC, wenye makao yake Nairobi. Waanzilishi waliona ya kuwa ni vigumu kwa chuo kimoja katika nchi zetu kuwa na walimu wa kutosha wa kila tawi, na kwamba wengi wa waliopelekwa ng'ambo hawakurudi. Basi wakaamua vyuo vishirikiane. Mpango wa pamoja wa shahada ya pili ulianza miaka ya 1990, na ule wa udaktari ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa udaktari husoma mwaka wa kwanza katika chuo kimojawapo kilichochaguliwa, na kwa Afrika Mashariki chuo hicho kilikuwa Dar es Salaam. Hufanya mitihani, kisha hukusanyika Nairobi kutoka nchi nyingi ili wafundishwe matawi waliyochagua, na baadaye hurudi kuandika tasnifu. Ndulu niliyemtaja aliwahi kuwa mkuu wa muungano huo. Faida yake ni kwamba swali la mwanafunzi huwa karibu na macho yake: bei ya maziwa, mikopo ya vikundi vya wanawake, biashara ya mpakani. Hapa Uganda pia kiko Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi pale Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho kazi yake ni kuchunguza mambo ya nchi na kuishauri serikali.

MAWAIDHA MACHACHE

Kijana aliye shuleni sasa afanye nini? Kwanza, asiitupe hisabati. Wengi huchukua uchumi ili waikimbie hesabu, kumbe wameikimbilia. Anayetaka udaktari atahitaji hesabu za chuo kikuu, yaani kalkulasi, aljebra ya mstari na takwimu, na bila msingi wa kidato cha sita atapata taabu kubwa. Pili, ajifunze kuandika wazi, maana swali jema lililoandikwa vibaya halisomwi na mtu. Tatu, aanze sasa kuhesabu mambo ya karibu. Achukue daftari, na kila Jumamosi kwa muhula mzima aandike bei ya debe la mahindi na ya mkungu wa ndizi katika soko lililo karibu, tena katika soko la mbali kidogo akiweza. Mwisho wa muhula ataona jambo ambalo hakulitarajia, naye atauliza kwa nini. Akiona raha katika kutafuta jibu, huenda njia hii ni yake.

Nanyi wenzetu mliotoka zamani, jiulizeni mambo matatu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Je, kazi ninayoitaka yahitaji udaktari kweli, au nataka jina tu? Nani atawalisha watu wangu kwa miaka mitano, na wamekubali? Na la tatu, ninalo swali ambalo ningelitafutia jibu hata kama nisingepewa cheo? Mwenye kulijibu la tatu kwa "ndiyo" iliyo kweli ataweza kuvumilia ule mwaka usio na kengele. Asiyeweza, hajapungukiwa na kitu. Afanye kazi nyingine kwa heshima.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Yule mzee wa goti naye hakukosea kuuliza, ila alimwendea Daktari asiye wake. Tunawatakia heri wote walio njiani, na tunawaomba wakirudi na shahada zao wapite hapa shuleni, watuambie ni swali gani walilolijibu.